Chausiku na Mkono

Tazama mkono kwanza. Watu wote huanza na uso, na wewe najua utaanza na uso, lakini leo, Tausi mwanangu, anza na mkono. Chukua picha iliyo juu kabisa kwenye kopo la biskuti, ile iliyokunjika pembe. Mama yako mdogo Chausiku ameinama juu ya meza ya pool, shavu linakaribia kugusa fimbo, jicho moja kalifumba. Mpira mweupe uko mbele yake kama yai ambalo hakuna ajuaye limetagwa na nani. Nyuma watu wamebanana mpaka madirishani. Na pembeni, upande wa kushoto, pale karatasi inapoishia, kuna mkono. Umetokea nje ya picha ukaingia ndani, umeshika kipande cha chaki. Hauna bega, hauna shingo. Chini yake Masudi Picha kaandika kwa wino wake wa siku zote: Chausiku na mkono.

Mkono ule ni mimi.

Tulizungumza jana, najua. Lakini ya mdomo Bwana Nguzo anaweza kuyarudisha nyuma pamoja na saa yake, ukaamka leo hukumbuki nilichokuambia. Ya karatasi hawezi. Ndiyo maana mimi niliyeishia darasa la saba nimekaa hapa asubuhi hii na penseli, naandika kitu kirefu kuliko barua zote nilizowahi kuandika. Soma kabla hujaenda ukumbini.

Mkono usio na mtu ni wa nani? Nimejiuliza hilo miaka yote, kama ile ilikuwa miaka. Ukipiga, nani kapiga? Ukisalimiwa, nani aitikie? Mwalimu wetu wa darasa la tatu alitufundisha kwamba mtu ni kichwa, kiwiliwili na viungo, tukaimba. Hakutuambia ukianza kumpunguza, kiungo kimoja baada ya kingine, unafika wapi ndipo mtu anakwisha. Mimi nilipunguzwa na karatasi. Nikabaki vidole vitano na chaki.

Mji wetu unaujua, umezaliwa humu. Lakini nitauandika kama kwa mgeni, kwa maana aliyezaliwa ndani ya kitu hakioni. Mji hauna jina kwa sababu hakuna mtu wa nje aliyewahi kuuita. Katikati kuna ukumbi, ndani ya ukumbi kuna meza moja ya kitambaa cha kijani, na ukutani juu ya meza kuna saa ya mji. Mwenye ufunguo wa ukumbi ndiye anayesogeza mishale. Bwana Nguzo ndiye mwenye ufunguo. Akipenda, Jumatatu inarudiwa. Akichoka na masika anayaruka, mahindi yetu yakauke shambani huku kalenda inasema tumeshavuna. Kuna watoto walikaa darasa moja mpaka wakaota ndevu, kwa sababu alisahau kufungua mwaka. Tulimlilia, akasema, "Subirini, natafuta miwani."

Njia ya kumtoa ni moja, mashindano. Unawashinda wenzako wote, kisha unamkabili yeye. Ukimfunga, ufunguo ni wako. Ukifungwa, unatoka mjini kabla jua halijazama, na hurudi tena.

Na kila mchezaji lazima awe na mshika chaki. Wewe unajua, ncha ya fimbo isipopakwa chaki huteleza juu ya mpira, na mpira huenda unakotaka wenyewe. Zamani, kabla ya Nguzo, mtu alitemea mate chaki ya mwenzake. Basi wazee wakakaa, wakatunga sharti: chaki ishikwe na damu yako. Mama, dada, mtoto, wa tumbo moja. Damu haiwezi kukuhujumu. Mshika chaki asimame nyuma, asiseme neno. Na mchezaji anyooshe mkono nyuma kupokea, asigeuke kumtazama. Kugeuka ni kumtilia shaka, na kuitilia shaka damu yako ni aibu.

Hapo ndipo mji wetu ulipokosea, na haujajua mpaka leo. Wazee walidhani wivu unakaa kwa jirani. Mwanangu, jirani ana ukuta. Jirani akipata unasikia kwa mbali, unakohoa, unalala. Wivu unakaa pale mlipolala kitanda kimoja mkivutana shuka moja, pale mlipopimiwa uji kwa kikombe kimoja na kila mmoja akaangalia cha mwenzake kimejaa mpaka wapi. Wazee walitafuta mtu salama wa kushika chaki, wakamchukua yule aliyekuwa na sababu nyingi kuliko wote, wakamweka nyuma ya mgongo, wakakataza mgongo usigeuke.

Mimi ndiye niliyemfundisha Chausiku kucheza. Andika hilo mahali, maana hakuna picha yake. Sakafuni, jikoni kwa bibi yako, kwa ndimu zilizokauka na mpini wa ufagio. Nilimwambia, usitazame ndimu, tazama njia yake. Nilimwambia, pumzi ikitoka ndipo upige. Alikuwa na miaka tisa, mimi kumi na nne. Kwa mwezi mmoja nilimshinda kila siku. Kisha siku moja akanishinda, akaruka, akanikumbatia, akasema, "Dada, umeona?" Nikasema nimeona. Kesho yake akanishinda tena. Tangu hapo sikumshinda, na tangu hapo kila aliponikumbatia nilihesabu mpaka aniachie.

Mashindano yale yalipotangazwa, tumbo moja liliruhusiwa mchezaji mmoja. Bibi yako alikuwa anapepeta mchele. Hakunyanyua kichwa.

"Mwajabu, wewe mkubwa. Mpishe mdogo wako."

"Mama, na mimi naweza."

"Sijasema huwezi. Nimesema umpishe. Wewe utamshikia chaki, mkono wako hautetemeki."

Nilipenda aliposifu mkono wangu. Ona nilivyokuwa na njaa.

Katika picha ya pili wanawake wamembeba Chausiku mabegani. Amewafunga wanaume sita, hakuna mwanamke aliyewahi kufika hapo. Angalia chini kushoto, katikati ya kanga mbili, utaona vidole. Katika picha ya tatu anakunywa maji, na anayempa kikombe ni mkono. Ya nne mkono haupo, ila kuna kivuli chake mezani. Masudi nilimfuata, nikamwambia, "Kaka Masudi, siku moja sogea nyuma kidogo na mimi nienee." Akacheka, si kwa ubaya. "Dada, nikisogea nyuma, yeye anakuwa mdogo."

Mji ukalichukua lile jina la Mkono. Mashineni kwenye foleni ya unga, Bi Zamda akanikaribisha mbele ya watu: "Hujambo, Mkono? Leo umekuja peke yako, mwenye mwili yuko wapi?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilicheka vizuri, mwanangu, mpaka Bi Zamda akanipa nafasi yake. Kisha nikafika nyumbani na unga wangu, nikamkuta Chausiku anajifunza mbele ya kioo namna ya kupokea ufunguo.

Sasa hizi picha zina tabia, nikuambie usije ukashtuka. Hazikai. Nikizifungua baada ya masika, Chausiku amesogea kidogo. Mvi zimemwota humo ndani. Watu wa madirishani wamezeeka, wengine wameketi, mmoja au wawili hawapo tena, pamebaki ukuta. Karatasi inaishi huko inakoishi. Asiyebadilika ni mmoja, yule aliyesimama chini ya saa na koti lake, mikono nyuma. Bwana Nguzo ni yule yule wa jana ulipomwona akifagia mlango wa ukumbi. Nilidhani ni ufundi wa mpigapicha. Kumbe mtu anayeshika mishale huwazeesha wengine badala yake mwenyewe.

Siku ya mwisho ilikuwa mchana, joto la kuyeyusha nta. Asubuhi yake nilisukwa mabutu, nikapaka mafuta ya nazi mengi, yakashuka mpaka kwenye masikio. Kwa nini nilijipamba, mimi ambaye ningekatwa na karatasi? Nilitaka Masudi anione. Hilo tu. Naapa lilikuwa hilo tu mpaka mpira wa mwisho.

Nguzo alimpokea mlangoni. "Karibu, Chausiku. Na mkono wako karibu."

Hata yeye.

Chausiku alicheza kama mtu anayefungua vifungo vya shati lake mwenyewe. Mipira yake yote ikaingia. Ukabaki mweusi, karibu na shimo la kati, mtoto angeuingiza. Sheria ya pale ni moja: ukiuingiza mweusi, umeshinda, mweupe ukizama na mweusi umebaki, umefungwa. Nikasikia saa ikienda, na nikamwona Nguzo, kwa mara ya kwanza, akiitazama saa kama sisi tunavyoitazama, kama kitu cha mtu mwingine.

Nilikuwa nimefikiri sana kuhusu ule mpira mweupe, nikiwa nyuma mechi baada ya mechi sina la kusema. Unapiga wote. Unawapeleka wenzake mashimoni mmoja mmoja na wenyewe unabaki juu ya kitambaa. Nikawa nasema moyoni, huyu ndiye Nguzo. Lakini mweupe hauendi popote bila fimbo. Fimbo haisemi kweli bila chaki. Na chaki haiendi kwenye fimbo bila. Bila. Nikaona. Ukumbi mzima, saa, masika, watoto wenye ndevu, vyote vilikuwa vimening'inia kwenye vidole vyangu vitano, na hakuna aliyekuwa akivitazama.

Chausiku akanyoosha mkono nyuma. Hakugeuka, hakutakiwa kugeuka. Lakini aliunyoosha namna mtu anavyonyoosha mkono kutafuta kitasa cha mlango wa nyumba yake. Vidole vikafunguka, vikafunga, vikafunguka. Haraka. Kama kusema, wewe, leta.

Nikajifanya nafuta jasho. Nikaipitisha chaki kwenye nywele zangu, juu ya sikio, pale mafuta yalipotuama. Mara moja kwenda, mara moja kurudi. Nikampa.

Akaipaka. Akatoa pumzi, nilivyomfundisha. Akapiga. Ncha ikateleza, ukasikika mlio mdogo mbaya, kama mtu kakanyaga kambare, na mpira mweupe ukaondoka kando, taratibu, ukaupita mweusi bila kuugusa, ukatembea meza nzima kama unayejua unakokwenda, ukaingia shimo la pembeni.

Nguzo alikohoa, akaenda kwenye saa, akairudisha nyuma dakika tano, bila sababu, ili tu tuone.

Ndipo dada yangu akageuka akanitazama. Nilisubiri aseme. Nilikuwa tayari, nimeshapanga na jibu. Akanishika mkono huu huu wenye chaki, akasema, "Nisamehe, dada. Umesimama siku zote hizo, na mimi nimekuangusha."

Jioni alitoka na kifurushi. Mimi ndiye niliyekifunga.

Hilo ndilo ninalotaka ulielewe, Tausi, na sijui kama penseli inaliweza. Nilikuwa na mamlaka kwa muda wa pumzi tatu. Hakuna mwanamke wa mji huu aliyewahi kuwa nayo kiasi kile. Nikayatumia kumwangusha aliyenizidi, sikuyatumia kumwangusha aliyenikalia. Nguzo hakunituma, wala hakunijua jina. Watu wa aina yake hawana haja ya kututuma. Wanasogeza saa, wanasubiri, sisi wenyewe tunakwanguana.

Baadaye nilirudishiwa jina langu. Kwa kuwa hapakuwa na Chausiku, hapakuwa na mkono. Bi Zamda akaanza kuniita Mwajabu. Nikaolewa, nikakuzaa, baba yako akatangulia, tukabaki mimi na wewe. Nikasema, basi. Huyu atacheza rede, atacheza kitu kingine. Lakini ulikuwa na miaka saba nilipokukuta jikoni na ndimu kavu na mpini wa ufagio. Sikukufundisha mimi. Sijui nani alikufundisha. Ulikuwa unatoa pumzi.

Juzi Alhamisi ulipokuwa unatafuta msasa wa kusugulia fimbo, ukalivuta kopo uvunguni. Nilikuwa namenya viazi.

"Mama, huyu nani?"

"Mama yako mdogo."

"Yule aliyehama? Mbona hukuniambia alikuwa anacheza? Watu wote wananiambia nimerithi mkono wa baba."

"Baba yako alikuwa hawezi kumenya chungwa."

Ukacheka. Ukazipanga sakafuni, moja, mbili, tatu, ukafika ya mwisho, ambayo mimi mwenyewe sijaitazama zaidi ya mara mbili. Masudi aliipiga wakati ule ule. Mpira mweusi, mgongo wa Chausiku, mkono wake ulionyooshwa nyuma. Na pembeni, kwa mara ya kwanza, sehemu ya kichwa changu imo. Sikio, butu moja linang'aa kama limetiwa nta. Na mkono uko kwenye nywele. Picha hiyo ilining'inia ukumbini, wakaiona watu wote, na hakuna hata mmoja aliyeiona.

"Mama, hapa ulikuwa unajikuna?"

"Joto lilikuwa kali."

"Umebaki mpira mmoja, mji mzima umekodoa macho, wewe chawa wanakupanda." Ukanipiga begani. "Basi tumia dawa mapema, maana Jumamosi wewe ndiye unanishikia chaki. Damu nyingine sina."

Nikasema sawa. Kiazi nilichokuwa nacho nilikimenya mpaka kikaisha.

Mchana ule ulifanya mazoezi uani, na mimi nikasimama nyuma yako. Ukainama. Mwanangu, wewe ni mzuri kuliko Chausiku. Nimelisema. Mgongo wako umenyooka kuliko wake, na ukipiga hutaki mtu akuone. Nilipaswa kufurahi kama mama. Nilifurahi kama mama. Lakini ndani ya furaha kulikuwa na mtu mwingine amekaa, kanywea, ana miaka kumi na nne, anahesabu. Anasema, na huyu naye ametoka kwangu, kwa damu yangu, na hapa tena nitakatwa na karatasi. Ukanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Vidole vikafunguka, vikafunga, vikafunguka.

Ijumaa asubuhi nilijikuta nimekaa mbele ya kioo, nimeshasuka mabutu, kopo la mafuta ya nazi liko mapajani na nusu yake imo kichwani. Tausi, sikukumbuka kulifungua. Nani alikuwa anapaka? Kama ni mkono, ulitumwa na nani? Nilikaa pale nikiutazama mkono wangu kama mtu anayemtazama mgeni asiyebisha hodi.

Nikachukua wembe. Nikanyoa zote.

Uliponikuta ukashika mlango. "Mama, tumefiwa na nani?"

Nikakupa ile picha ya mwisho, nikakuonyesha butu, nikakuonyesha chaki, nikakueleza, maneno machache kuliko haya. Ulikaa chini. Ukaigeuza picha, ukatazama nyuma yake, kama kwamba huko kuna maelezo mengine.

"Mama mdogo alijua?"

"Hakujua. Aliniomba radhi."

Nilisubiri uniambie toka, umwite mama mwingine, kama ungekuwa naye. Ukasema, na sauti yako ilikuwa kavu, "Siwezi kupata mtu mwingine. Na siwezi kuacha, nikiacha hatutapata masika tena." Kisha ukachukua kipande kipya cha chaki, ukanitia kiganjani, ukanifunga vidole kimoja kimoja, ulivyokuwa ukifungwa wewe ulipokuwa mdogo nikikutuma chumvi. "Basi kesho usisimame nyuma. Simama mbele yangu, upande wa pili wa meza. Nikitaka chaki nitakutazama usoni, nitakuomba kwa jina."

"Ni mwiko. Watasema unaitilia shaka damu yako."

"Naitilia shaka," ukasema. "Na nataka waone."

Kisha ukatoka kwenda kukoka moto, na mlangoni ukageuka. "Na Masudi itabidi asogee nyuma, la sivyo tutakatika wote wawili."

Ulitabasamu kidogo. Kidogo sana, na sikudai zaidi.

Kwa hiyo nimeandika. Leo kuna kelele tayari huko barabarani, na Bwana Nguzo ameshaisogeza saa mara mbili tangu nianze, jua linakwenda mbele linarudi. Akiirudisha mpaka juzi, utaamka hujui lolote, utaniita mama yako mzuri uniweke nyuma ya mgongo wako. Ndiyo maana barua hii iko juu ya kopo, chini ya fimbo yako, huwezi kuichukua fimbo bila kuigusa. Utakuta pia sina nywele, uulize kwa nini.

Ila usije ukafikiri wembe umemaliza. Nakuonya kama mama na nakuonya kama yule mwingine anayehesabu. Sasa hivi, nilipoandika pale juu kwamba wewe ni mzuri kuliko Chausiku, penseli ikasimama. Mkono ulipanda wenyewe mpaka juu ya sikio, ukapapasa, ukatafuta. Ukakuta ngozi. Ukakaa pale kidogo, kisha ukashuka, ukaendelea kuandika.

Nitazame, Tausi. Nitazame kwanza, ndipo unyooshe mkono wako.